Mimi, Baba na Kura ya Bwawa

Jumamosi, 17 Oktoba

Karatasi za kura zimefika! Tatu ndani ya sanduku letu la barua: yangu, ya Baba na ya Bibi Verna. Yangu ni ya kwanza maishani. Nimeinusa. Inanuka gundi.

Hapa Oregon hatupangi foleni. Unapiga kura mezani kwako, unaitia kwenye bahasha, unaweka sahihi kwa nje, unapeleka. Jimbo hili liliumbwa kwa ajili ya watu wenye haya.

Kuna gavana. Kuna swali kama tuache kurudisha saa nyuma kila mwaka baridi ikianza. Kuna msimamizi wa makaburi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama aibu, kuna bwawa la kuogelea la mji wetu wa Alder Butte. Ndiyo: kodi ya ardhi inapanda kidogo, bwawa linabaki. Hapana: linafungwa Desemba 31.

Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza shule Juni. Ninaweza jambo moja tu duniani, kufundisha watoto wadogo kuogelea. Dukani siwezi hata kuuliza bei. Majini napaza sauti mpaka vioo vinatetemeka. Kila Jumamosi nafundisha bure, na nimeahidiwa kazi ya kweli kuanzia Januari. Bwawa likiwepo.

Baba ni Hapana. Anauza chakula cha mifugo, na wanaume wote wanaokunywa kahawa dukani kwake ni Hapana. Uani kwetu kuna bango: HAPANA. Kila nikitoka linanitazama.

Mama hatusaidii. Anaishi Idaho sasa, anapiga kura zake huko.

Nina mpango.

Jumapili, 18 Oktoba

Mpango ni wa Bibi, ila hajui. Aliwahi kusema kwamba yeye na marehemu Babu walipingana kwa kila kitu, hivyo kwa miaka arobaini walikubaliana wasipige kura. Kura zinauana, kwa nini kuchoma petroli?

Nilifanya mazoezi bafuni. Wakati wa chakula cha jioni nikamwambia Baba kwamba mimi na yeye tunatofautiana kuanzia gavana hadi bwawa. Kwa hiyo tuchome karatasi zetu zote mbili. Sauti ilinikatika kwenye neno "bwawa" tu.

Baba akaacha kutafuna. Akasema ni wazo la busara. Upesi hivyo! Nilikuwa na hoja saba. Sikutumia hata moja.

Tukasimama mbele ya jiko la kuni. Nikatupa bahasha yangu. (Ndani: tangazo la mbolea.) Baba akatupa yake. Ikawaka moto wa kijani. Sikujua karatasi ya kura huwaka kijani, lakini sijawahi kuchoma karatasi ya kura. Tukapeana mkono, wa kushoto, maana gumba lake la kulia limefungwa bandeji tangu mashine ya nyasi ilipolibana.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nyie wawili, Mungu anawaona."

Sikuelewa anacheka nini.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimepiga kura. Kwa gavana nimechagua yule mama mwenye miwani. Saa zisirudishwe nyuma, maana kuku wetu wanachanganyikiwa. Kwa kamishna wa kaunti nimemchagua yule ambaye kwenye picha anatazama pembeni, kama mimi. Msimamizi wa makaburi, hana mpinzani. Bwawa: NDIYO.

Sahihi ilinichukua kurasa nne za mazoezi. Sasa ni mtu mzima, nahitaji sahihi ya mtu mzima. Nimepata moja nzuri sana, yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina zima. Haisomeki kabisa. Kama ya daktari!

Sanduku la kura liko nje ya jengo la kaunti. Nililizunguka jengo mara tatu kwa sababu mwanamke mwenye mbwa alionekana anataka kunisalimia. Alipoondoka, nikatumbukiza na kukimbia.

Maskini Baba. Anadhani tumeuana.

Jumatano, 4 Novemba

Matokeo ya awali. Naandika yangu yote hapa kwa uaminifu.

Mama mwenye miwani: ameshindwa. Saa: zitaendelea kurudi nyuma. Kamishna anayetazama pembeni: ameshindwa vibaya, kura sitini na mbili kaunti nzima. Msimamizi wa makaburi: ameshinda! Nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Nilimchagua na ameshinda.

Bwawa: Ndiyo 405, Hapana 409. Za posta bado zinaingia.

Baba alisoma matokeo kwenye simu huku akinywa chai, akaguna. Mguno wa ushindi, nilidhani. Bibi akamwuliza, "Mbona umenuna na upande wako unaongoza, mwanangu?" Baba akasema chai ni ya moto.

Jumamosi, 7 Novemba

Msiba.

Barua kutoka kwa karani wa kaunti. Sahihi kwenye bahasha yangu hailingani na ile waliyo nayo. Ile waliyo nayo niliiweka nikiwa na miaka kumi na sita, nilipochukua leseni ya kujifunza kuendesha gari. Mwandiko wa darasani, na nukta mbili za i kwenye jina langu kamili nilizichora mioyo. Mioyo! Kura yangu imewekwa kando. Nina mpaka Jumanne ya tarehe 24, saa kumi na moja jioni, kujaza fomu na kuthibitisha kwamba mimi ni mimi.

Na si hilo lililonikalisha chini barazani. Chini ya barua yangu kulikuwa na nyingine, bahasha ileile, muhuri uleule. Kwa Bwana Royce Stubblefield.

Baba alipiga kura! Kwa gumba lile la bandeji, ndiyo maana sahihi imekataliwa. Mtu tuliyepeana naye mkono! Mbele ya mama yake mzazi! Sijawahi kuona udanganyifu wa namna hii katika familia.

Nimeificha barua yake ndani ya pipa la chakula cha kuku.

Jumapili, 8 Novemba

Sikupata usingizi. Kuficha barua ya mtu ni kosa la jinai. Nilijiona mahakamani nikiulizwa maswali mbele ya watu. Nimeitoa, nikaipangusa, nikaiweka mezani kati ya bili ya umeme na gazeti.

Baba aliichukua akaitia mfukoni bila kuifungua. Nikauliza ni nini. Akasema umeme. Bili ya umeme ilikuwa imelala palepale mbele yake.

Akaniuliza na yangu ni nini. Nikasema umeme.

Bibi akauliza siku hizi umeme unalipwa na watu wangapi.

Alhamisi, 12 Novemba

Kura zote za posta zimehesabiwa. Ndiyo 412. Hapana 412.

Nimesoma kijitabu cha wapiga kura mara mbili. Sare ni kushindwa. Swali lisilopata kura nyingi zaidi limeanguka, basi. Hawarushi hata sarafu.

Kwa hiyo nahitaji vitu viwili. Kura yangu iingie. Ya Baba isiingie. Zikiingia zote, ni 413 kwa 413, na watoto wangu tisa wa Jumamosi watajifunza kuogelea kwenye beseni.

Na Januari mimi nitakaa wapi? Jikoni, nikiwatazama kuku.

Jumatano, 18 Novemba

Mbinu ya kwanza: nimemwambia Baba kwamba Jumanne ijayo uzio wa nyuma utengenezwe, kutwa nzima. Akasema uzio una afya njema. Kisha akasema Jumanne ijayo ni yeye atakayehitaji nibaki nyumbani, kumwangalia Bibi, kwa sababu yeye anampeleka Bibi kwa daktari wa meno.

Nikasema atampelekaje huku mimi nikimwangalia nyumbani?

Akafikiri. Akasema hilo ni swali zuri.

Bibi akasema, "Meno yenyewe ni ya bandia yote. Yaende peke yake."

Jumatatu, 23 Novemba

Mbinu ya pili: nimetoa upepo kwenye tairi moja la pikapu. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi nategemea pikapu hiyo, jengo la kaunti liko maili kumi na moja. Nimejaza upepo tena. Pampu ya mguu, dakika arobaini. Baba alipita, akauliza nafanya nini. Nikasema mazoezi ya kuogelea. Akanitakia kazi njema.

Jumanne, 24 Novemba

Naandika haraka.

Baba aliondoka saa nane na pikapu, akasema anapeleka marobota ya nyasi kwa mteja. Sikuona robota hata moja nyuma. Nikachukua gari dogo la Bibi. Bibi alinipa funguo kabla sijaziomba.

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye kiganja: HABARI, NIMEKUJA KUREKEBISHA SAHIHI. Jasho likayafuta maili ya tano.

Nikasukuma mlango. Dirishani alisimama Baba, kofia mkononi, ulimi nje, akijaza fomu kwa gumba lake.

Karani wetu ni Bi Pruitt. Ni mwanamke mwema mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akapaza, "Ala! Stubblefield mwingine! Leo mmeamua kuhamia hapa? Njoo binti, usijibanze mlangoni, hatung'ati!"

Watu wanne waligeuka. Baba naye akageuka. Akawa mwekundu kuanzia shingoni. Mimi nilikuwa mwekundu tangu maegesho.

Bi Pruitt akasema tumefika wakati mzuri, kwa sababu kwenye lile swali la bwawa zimebaki bahasha mbili tu hazijahesabiwa, na ni hizi zetu. Akazigongesha kwenye kaunta. "Yaani mji mzima umewasubiri nyinyi wawili. Haya, sahihi hapa. Na hii mioyo, binti, ndiyo unaitaka au huitaki?"

Nikasema kwa sauti kwamba siitaki. Kwa sauti! Sikuwa hata majini.

Tulitia sahihi tukiwa bega kwa bega. Baba hakunitazama. Huko nje nikamwambia kwamba tulikubaliana. Akasema ndiyo, tulikubaliana. Nikamwambia kwamba alinipa mkono. Akasema nami nilimpa wangu, na angependa kujua mimi nilichoma nini. Tangazo la mbolea, nikasema. Yeye alichoma katalogi ya matrekta, ile yenye picha za rangi.

Ndiyo maana ule moto wa kijani.

Akazungusha kofia. Akaniuliza kwa nini sikumwomba tu. Nikajibu kwamba mtu haombi kura kwa mwenye bango. Akasema, "Bango ni la dukani, mwanangu, la wale wa kahawa." Kisha akaingia kwenye pikapu.

Nimelifikiria njia nzima. Sijui bango kuwa la dukani kunabadilisha nini.

413 kwa 413. Kwaheri bwawa. Nililia maili saba.

Jumatatu, 30 Novemba

Ndiyo 414. Hapana 412.

Nimesoma mara sita. Limepita! Bwawa limepita! Meneja wa bwawa amenipigia simu, nami nimepokea, nikaongea sentensi tatu kamili. Naanza kazi Januari 4.

Nilipotulia, nikafanya hesabu, maana mimi si mtu wa kufurahi ovyo. Zilibaki bahasha mbili. Ya Baba bila shaka imekataliwa tena, ile sahihi ya gumba ilionekana kama buibui. Basi imebaki yangu. Na Ndiyo imeongezeka kwa mbili. Maelezo ni haya tu: mashine imehesabu kura yangu mara mbili.

Nimemweleza Bibi kwa siri. Akasema, "Zilibaki mbili, zimeongezeka mbili. Hebu nihesabie hapo, wewe uliyemaliza shule."

Nikasema ndiyo hasa, Bibi, ni mashine.

Bibi akafumba macho akaomba kahawa. Mambo ya mitambo yanamchosha.

Baba amepokea kushindwa kiume. Wanaume wa kahawa wamenuna, anasema, wanatafuta nani amewasaliti, naye amewaambia kwamba watu siku hizi hawana haya. Kisha akala vipande viwili vya keki ya maboga, akaniuliza, bila kuinua macho, bwawa linafunguliwa saa ngapi asubuhi, ili ajue kuwasha pikapu mapema. Maskini. Anajikaza.

Nimeamua nisimwambie kuhusu mashine. Ataumia bure.

Mwezi Mei kuna kura ya bodi ya shule. Nilimfuata gereji jioni hii, nikamwambia kwa upole kwamba kwa kuwa tunapingana kwa kila kitu, safari hii tukae nyumbani kwelikweli, wote wawili, bila moto wala katalogi. Nilimtazama machoni kabisa nilipokuwa nasema, na yeye akanitazama. Akakubali papo hapo. Akasema hata kalamu hataigusa.

Hakupepesa jicho. Namwamini kabisa.

Mimi nimeshamchagua mtu wangu.