Hilali, Duara au Nanga

Chande Mputa alishuka melini Mtwara akiwa na suruali moja iliyopasuka, koti jeupe la daktari, na njaa ya mtu aliyezoea kula jasho la wengine. Koti alilipata kihalali, kwa maoni yake. Aliwahi kuwa dobi wa hospitali fulani, na daktari mwenye koti akahamishwa kabla hajalifuata. Suruali ndiyo iliyompeleka kwenye baraza ya fundi Andrea, jirani na soko, na baraza hiyo ikamfungulia riziki.

Alikuwa amejifunga shuka ya kuazima akisubiri kiraka, mara akaja mama wa makamo, Mwanaamina binti Shaibu, amefunga sidiria kwenye gazeti kama mtu anayepitisha magendo.

"Fundi, kamba hizi zifupishe tena."

"Mama, nimezifupisha mara tatu. Nikikata tena utaivaa shingoni."

"Wewe kata. Mume wangu Isihaka anataka kupeleka barua ya posa Mikindani, kwa binti wa miaka ishirini. Na uzi huu hapa, nimekuja nao mwenyewe. Wako unakatika."

Chande alisikia mambo mawili. La kwanza, kuna kifua kinachomnyima mtu usingizi. La pili, mjini humu hakuna anayekwenda kwa fundi mikono mitupu: kitambaa chako, uzi wako, vifungo vyako. Fundi huchangia mikono na ahadi ya Ijumaa.

Ilikuwa mwaka wa sitini na tisa. Vijana wa chama walikuwa wakipima urefu wa sketi za wasichana, na hakuna hata mmoja aliyeshughulika na kilichoko juu ya sketi. Chande aliliona hilo kuwa pengo kubwa katika ujenzi wa taifa.

Siku nne baadaye alikuwa amepanga chumba mtaani Chuno. Koti jeupe mwilini, miwani isiyo na nambari usoni, na ukutani karatasi tatu za manila zenye michoro ya vifua. Mtaa mzima ulipata habari kwamba kuna bingwa anakuja na meli kunyanyua matiti kwa upasuaji, na kwamba huyu aliyetangulia kazi yake ni kumchagulia kila mama aina inayomfaa. "Kukata kila mtu anaweza," alisema Chande. "Kazi ni kuchagua."

Mwanaamina alikuwa wa kwanza kubisha hodi.

"Hii inaitwa Hilali," Chande akaanza, akigusa mchoro kwa fimbo. "Mkato mdogo hapa juu, mfano wa mwezi mwandamo. Ni ya mama aliyezaa mmoja."

"Nimezaa watano."

"Basi Duara. Mkato unazunguka. Ya mama wa wawili, watatu."

"Daktari, nimesema watano. Na wa mwisho alinyonya mpaka akaanza madrasa."

Chande akavua miwani taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Basi wewe, mama, ni Nanga. Mkato unazunguka, unashuka, halafu unapasua huku na huku kwa chini. Nanga haitikisiki."

Mwanaamina akautazama mchoro kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote wa Mtwara angeliuliza: "Na uzi?"

Chande alikuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi. "Uzi wa pamba unaoza. Wa nailoni unavimbisha. Kifua hushonwa kwa uzi wa dhahabu. Na dhahabu, mama yangu, unakuja nayo mwenyewe."

Angetaja shilingi, Mwanaamina angeondoka zake. Lakini kuambiwa aje na uzi wake lilikuwa neno la kiungwana kuliko yote aliyowahi kuyasikia kwa mtaalamu. Hilali ilitaka kipini kimoja cha pua. Duara, jozi ya herini. Nanga ilitaka bangili mbili.

Bangili mbili alikuwa nazo. Marehemu mama yake alizivua siku ya mwisho na kumvika kwa mkono wake, na hapa duniani hapakuwa na kitu kingine kilicho chake. Hata kitanda kilikuwa cha Isihaka. Mwanaamina alizizungusha mkononi. Alitaka kulia, na alitaka Nanga.

"Lazima kwanza nimuulize somo wangu," akasema.

"Mlete tu," alijibu Chande. Kama wanaume wote, neno somo alilijua ila uzito wake hakuujua. Somo ndiye aliyemlea mwari unyagoni, na mwanamke wa Chuno anaweza kubadili nyumba, hata mume, bila kumshirikisha, lakini si jambo la mwili wake.

Somo huyo, Bi Mwaisha, alikuja kesho yake na wanawake kumi na wawili nyuma yake. Chande akampa shikamoo ya heshima, akaitikiwa marahaba. Bibi akaenda moja kwa moja ukutani.

"Hiki kifua cha nani?"

"Cha mfano tu, bibi."

"Na wazazi wa huyo mfano wanajua kuwa ametundikwa hapa?" Akageuka, akashika ukosi wa koti lake kwa vidole viwili. "Koti limenyooka. Sijaona daktari mwenye koti lililonyooka hivi."

"Nimelipiga pasi mwenyewe, bibi," Chande akasema kwa fahari, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo pekee la kweli alilolisema tangu afike.

Bi Mwaisha aliachia ukosi. Akakaa kitini kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake.

"Sasa sikiliza, baba. Umemtajia mwari wangu kifua chake, mwanamume wewe, mimi sipo. Kwetu huko ni kuingia ndani bila hodi. Hodi yake ni doti ya khanga kwa kila mmoja unayemwona hapa, gunia la mchele na mbuzi. Bila hivyo hakuna dhahabu itakayovuka kizingiti."

Chande akayatazama masikio yaliyomzunguka. Yote yalikuwa yanameta. Akapiga hesabu ya kichwani, akaona hodi ile ni chambo tu, akalipa. Ziliondoka pesa zote alizokuwa amezifunga kiunoni, alizochuma Lindi kwa kuuza dawa ya kuzuia radi.

Wanawake walicheza ngoma siku tatu. Mchele ukaliwa, mbuzi akaliwa, na Chande akaletewa sahani mbilimbili kwa heshima ya cheo chake. Katikati ya ngoma ubishi wa nani apate aina ipi ukapamba moto. Zainabu, ambaye kifua chake hakikuwa na cha kunyanyuliwa, alidai Nanga kwa kuwa jirani yake anapata Nanga. Fatuma alitaka Hilali upande mmoja na Duara upande wa pili, aone ipi inadumu. Chande alikubali yote.

Siku ya tatu jioni wakaja na dhahabu, na Bi Mwaisha akaja na kifuko cha kitambaa chekundu.

"Dhahabu ya kifua ikishonewa, mwanamume haangalii. Geuka."

Chande akageukia ukuta, uso kwa uso na michoro yake. Nyuma yake alisikia vyuma vikigongana na sindano ikipita. Akaambiwa sasa, akageuka, akawekewa kifuko mikononi. Kilikuwa kizito mpaka nusura akibusu.

"Afungue bingwa mwenyewe," alisema Bi Mwaisha.

"Bingwa mwenyewe," akaapa Chande.

Asubuhi meli ilikuwa bandarini, ya kwenda Dar es Salaam, na haikuwa imemleta bingwa yeyote. Chande alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake mlango ulipofunguliwa. Wale kumi na watatu tena, na pamoja nao mzee Selemani, ngariba wa Msimbati, na kisu chake.

"Bingwa wako kachelewa," alisema Bi Mwaisha. "Tumemleta wetu. Katahiri Msimbati nzima, hajawahi kulalamikiwa."

"Lakini, bibi, upasuaji huu ni wa wanawake!"

"Kwetu mwalimu hutangulia. Kungwi hamwingizi mwari katika jambo ambalo yeye hakulipitia."

Macho yote yakateremka kwenye kifua cha Chande. Miaka mingi ya kula vya bure, na sasa mbuzi juu yake, ilikuwa imeegemea vifungo vya koti.

"Kwa kumtazama," alisema Zainabu, "kanyonyesha watatu."

"Basi Duara," akasema Fatuma.

"Nanga," alisema Mwanaamina. "Nanga haitikisiki."

Mzee Selemani akafuta kisu kwenye shuka. "Kaa chini, mwanangu. Ganzi sina, lakini mkono wangu mwepesi."

Chande alipenya dirishani. Koti lilinasa kwenye bawaba akaliacha, kifuko hakukiacha. Waliomwona akikata mitaa kuelekea bandarini, kifua wazi, wanakiri kwamba ile Nanga aliihitaji kweli. Alirukia ngazi ya meli ikivutwa.

Nchi ilipopotea machoni alijibanza pembeni, akapasua kifuko kwa meno. Ndani kulikuwa na risasi za nyavu, zile za kuzamishia, fungu zima kutoka Msimbati. Juu yake kulikuwa na vipande viwili vya kamba ya sidiria, vilivyokatwa na fundi Andrea.

Jioni ile Mwanaamina alikuwa jikoni, amejifunga khanga mpya, bangili za mama zikigonga sufuria. Isihaka akasimama mlangoni.

"Watu wanasema ulikuwa utoe bangili."

"Nilikuwa nitoe." Akakoroga kwa nguvu, kwa aibu na kwa hasira pamoja. "Nilikuwa nikatwe, Isihaka, kwa sababu ya barua yako. Bangili za mama yangu!"

Isihaka akatazama chini. Alikuwa mtu mnene, na ardhi hakuiona vizuri.

"Barua yenyewe bado sijaipeleka."

"Ipeleke. Ila ukitaka kuwa bwana harusi, Bi Mwaisha anasema lazima nawe uchaguliwe aina. Michoro anayo."

Isihaka akachungulia nje. "Mzee Selemani anarudi lini Msimbati?"

"Hajasema."

Isihaka akajishika kifua, akateremsha mkono mpaka tumboni, akavuta kigoda na kuomba chai.