Nimempeleka Mkwe Wangu Rumande

Wandugu, leo nimeaibika. Si ile aibu ya kuteleza kwenye tope pale sokoni Kibuye watu wakakutazama. Hii ni aibu ya mbele ya wakwe, na kwetu huku ziwani aibu ya mbele ya wakwe haina dawa.

Wengi wenu mnanijua. Karani wa korti, hapa Kisumu, maisha yangu yote ya kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma mashtaka na kutafsiri. Mtu akiletwa kizimbani haelewi Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji, mimi namgeuzia maneno ya hakimu kwa Dholuo, lugha yetu, kisha ya kwake nayarudisha kwa hakimu. Nusu ya mji huu nimeisomea mashtaka. (Nusu nyingine ilikuwa imekuja kutazama.)

Nilistaafu mwaka jana. Kabla ya hapo tulipelekwa semina ya kujiandaa. Tukafundishwa kufuga kuku, kufuga samaki, na kutofungua baa. Nikafuga kuku. Kuku wakafa! Lakini hakuna mwalimu hata mmoja aliyenifundisha mtu afanye nini asubuhi, akiwa ameshaoga na kuvaa tai, na hana pa kwenda. Wiki za kwanza nilikuwa nakaa mlangoni hapa Kaloleni nikiwasalimia watu wanaokimbilia kazini. Walinijibu wakiwa wanatembea.

Naikosa ile korti, jamani, sifichi. Nakumbuka harufu ya mafaili ya zamani. Nakumbuka mahabusu wakishuka kwenye lori, macho yao yakiwatafuta mama zao kwenye umati. Kulikuwa na wakili mmoja Mhindi, mzee wa watu, aliyenisalimia kila asubuhi kwa Dholuo safi kuliko cha watoto wangu. Zaidi ya yote naukumbuka mlango wa hakimu. Akiwa tayari kuingia, alikuwa anagonga kwa ndani, ko, ko, ko, nami napaza sauti: "Kimya kortini! Wote simameni!" Na wote walisimama, tajiri na mwizi wa kuku sawasawa. Ile sauti ilikuwa yangu. Tangu nistaafu sijaitumia, maana nyumbani hakuna wa kumsimamisha. Nilibaki mtu wa "mm" na "sawa".

Sasa twende kwenye mkosi wenyewe.

Binti yangu Awuor amepata mchumba, Brian, kijana mpole wa Pap Onditi, kule Nyakach, anayetengeneza friji. Leo watu wake walikuwa wanakuja mara ya kwanza kututambua. Mambo makubwa ya mahari yatafanyika nyumbani kwetu Awasi. Hii ilikuwa chai, chakula na kuonana sura tu. Na kwetu baba wa msichana hajiongelei. Anakaa kwenye kiti, anakohoa kwa heshima, na ndugu yake ndiye anaongea. Kazi hiyo alipewa mdogo wangu Ochieng, mwenye ulimi mtamu.

Asubuhi Awuor akanijia nikiwa napiga viatu rangi. Akaniambia, "Baba, leo tafadhali. Wewe ni salamu peke yake, halafu baba mdogo aongee. Brian ni mwoga. Mtu akimtisha kidogo anapotea mazima. Na huyu mimi nampenda, baba."

"Mimi nitishe mtu?" nikamwambia. "Mimi ni mstaafu."

Wageni wakafika mchana. Brian, shati jeupe, jasho tayari limemjaa shingoni. Baba yake mkubwa, Mzee Owino, ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na kofia yake nyeusi na fimbo. Nyuma yao mashangazi, vitenge vya kanisani, macho yanakagua dari. (Dari yetu inavuja. Nilikuwa nimeweka kalenda pale, sijui kwa nini nilifikiri kalenda kwenye dari itaonekana ya kawaida.) Mama yangu mzazi, ambaye wote tunamwita Dani, yaani bibi, alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Mke wangu na wanawake wengine walikuwa jikoni na ugali.

Ochieng hayupo. Nikampigia.

"Jaduong', mzee wangu, ng'ombe inazaa na ndama imekwama!" akapiga kelele. "Anzeni tu, nakuja!"

Mke wangu akanivuta pembeni. "Baba Awuor, wakaribishe tu. Maneno mbili, tatu. Mambo ya ndoa usiguse kabisa."

Nikasimama. Nikawakaribisha kwa kale kasauti kangu ka kustaafu, hata shangazi mmoja akainama anisikie. Dani akaomba. Tukasema amina. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, nami nikaanza kujipongeza moyoni kwamba kumbe naweza kuwa baba wa kawaida kama baba wengine.

Ndipo mlango ukagongwa. Ko, ko, ko.

Wandugu, sijui niwaeleze vipi. Kichwa hakikushauriwa. Mgongo ulijinyoosha wenyewe, mikono ikashuka ubavuni, na sauti ikatoka tumboni kama haijawahi kulala:

"KIMYA KORTINI! WOTE SIMAMENI!"

Wakasimama! Wote! Mashangazi wakasimama, Brian akasimama, Dani ambaye huwa anainuliwa na watu wawili akasimama peke yake. Mzee Owino akaruka juu, akavua kofia, akaweka mikono nyuma. Mlango ukafunguka, na akaingia Mama Apiyo, muuza samaki wetu wa kila Jumamosi, beseni la mbuta kichwani.

Akatuangalia. Watu wazima, nguo za kanisani, tumesimama kimya kwa ajili yake.

"Aa, asanteni," akasema. "Kaeni, kaeni tu."

Tukakaa, isipokuwa Dani na Mzee Owino. Naye akakaa, kwenye kiti cha Ochieng, beseni mapajani.

Mtu mwenye akili angeomba msamaha hapo, watu wacheke, chai imiminwe. Lakini nawaambia ukweli, ilikuwa tamu. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu, na kifua kizima kilikuwa kimepata joto. Wakati nafikiria namna ya kuomba radhi, mdomo ulikuwa umeshaondoka.

"Brian Owino, simama mbele."

Brian akaja mbele ya meza. Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. (Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Kila mtu aliyewahi kusimama kizimbani hushika ukingo hivyo hivyo.)

"Unashtakiwa kwamba tarehe isiyojulikana, mahali pasipojulikana ndani ya Jamhuri ya Kenya, ukishirikiana na wengine ambao hawako mbele ya korti hii, ulionekana ukizurura na Awuor, binti wa mlalamishi, bila sababu ya kuridhisha. Umeelewa mashtaka?"

"Ndiyo," akasema Brian, sauti kama ya panya.

"Ni kweli au si kweli?"

Akamwangalia baba yake mkubwa. Baba yake mkubwa alikuwa anaangalia sakafu, mikono bado nyuma.

"Ni... ni kweli."

"Yaye!" akasema Mama Apiyo. "Amekubali haraka hivyo?"

Nilisikia kijiko kikianguka jikoni. Nilimwona Awuor amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni. Nilijua kabisa kwamba nazama. Lakini kuna maneno yanayofuatana, umeshayasema miaka na miaka, ukianza la kwanza la mwisho linakuja lenyewe.

"Korti imesikia. Kesi itatajwa baada ya wiki mbili. Mshtakiwa arudi ndani."

Na kidole kikaonyesha kushoto.

Pale kortini, kushoto ni mlango wa kuteremka seli. Hapa Kaloleni, kushoto ni mlango wa chumba chetu cha kulala. Changu mimi na mama mkwe wake.

Brian akaenda!

Hakuuliza. Hakubisha. Akainamisha kichwa, akafungua mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake taratibu kama mtu mwenye adabu zake.

Kwa wale wasio wa huku, nieleze. Kwetu mkwe wa kiume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Haingii kwa bahati mbaya, haingii hata nyumba ikiungua. Ni mwiko ambao watoto wanaujua kabla ya kujua kuhesabu. Na mimi, baba mwenye nyumba, ndiye nimemtuma, kwa sauti ya serikali.

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi, akaona mlango umefungwa, akaona kiti cha Brian ni kitupu. "Mayo! Mayo! Baba Awuor, umefanya nini?" Wageni wakainuka, na shangazi mmoja wa Nyakach akaanza kukusanya mkoba wake. Awuor alikuwa ananiangalia tu, machozi yamesimama, na mimi nikaona uchumba wa mwanangu ukiondoka na ule mkoba. Nikajaribu kusema samahani. Sauti ikagoma! Sasa ndiyo ikagoma!

Aliyeniokoa ni mama yangu. Dani alikuwa bado amesimama. Akageukia mlango.

"Brian! Umekaa kwa kitanda?"

"Hapana, Dani!" sauti ikatoka ndani. "Nimesimama! Naangalia ukuta!"

"Umeshika nini?"

"Kitasa peke yake!"

Dani akafikiria. Nyumba nzima ikamsubiri. Hakuna hakimu niliyewahi kumsubiri kwa roho juu namna ile.

"Mjumbe hauawi," akasema mwishowe. "Mtoto ametumwa na mwenye nyumba. Hajakaa, hajalala, hajaona kitu. Mimi sioni mwiko. Toka, mtoto, macho chini."

Brian akatoka macho chini, akajigonga kwenye kabati. Wakati huo huo mlango mkubwa ukafunguliwa, akaingia Ochieng, mikono ya shati imekunjwa, ananuka ndama.

"Mbona mmesimama wote?" akauliza. "Kuna mtu amekufa?"

Aliyecheka kwanza ni Mzee Owino. Alicheka mpaka akatafuta kiti kwa mkono. Kisha akageuza kofia yake magotini, akaniambia:

"Karani, wewe hunikumbuki. Mimi nakukumbuka. Ile mwaka walinishika na nyavu ya macho ndogo, ile imekatazwa, nikaletwa kwenyu. Nilitetemeka mpaka ile mbao ya kizimbani inalia. Hakimu anaandika tu, kichwa chini. Ni wewe uliniangalia kwa macho, ukaniambia kwa Dholuo, 'Baba, usikimbie. Sikiza mpaka mwisho ndio ujibu.' Nikajibu vizuri, nikarudi kwa watoto. Leo uliposema simameni, miguu yangu imesimama kabla mimi sijaamua."

Nilimtazama sana yule mzee. Simkumbuki. Walikuwa wengi mno. Nikaona uchungu, kwa sababu yeye alikuwa amekaa na maneno yangu miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba kazi ile imepita na hakuna aliyebaki nayo.

"Basi kijana wetu ametoka rumande mzima," akaendelea Mzee Owino. "Shangazi, weka mkoba chini. Msichana tumempenda. Na tukija Awasi kwa mambo yenyewe, tunataka huyu huyu aongee."

"Na mimi?" akauliza Ochieng.

"Wewe chunga ndama."

Tukala. Mama Apiyo naye alikula, kisha akatuuzia samaki wake wote, kwa maana chakula kilipungua. Brian alikula akiwa ameipa mgongo ile kona ya kushoto. Mara mbili nilimwomba radhi, na mara zote mbili alisimama kunijibu. Nilimwambia akae, akakaa haraka kuliko inavyotakiwa.

Wageni walipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria. (Mke wangu ndiye aliyetoa hukumu hiyo, na haina rufaa.) Awuor akaja, akachuchumaa kando yangu, akachukua kitambaa.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Nusura nikuharibie."

Alifuta sufuria moja. Kisha akasema, "Baba, mimi niliposikia ile sauti nilikuwa jikoni. Niliwacha ugali, nikakimbia kuja kuangalia kama ni wewe. Miezi yote hii umenyamaza tu. Mimi na mama tulidhani unaugua, na unatuficha."

Machozi yalinitoka, nasema wazi, na yeye akajifanya anatazama nguo za jirani kwenye kamba.

Najua mtacheka, na mna haki. Ombi langu ni moja tu: msinitumie vile vikatuni vya kucheka. Pigeni simu, mcheke nikiwasikia. Mchana kutwa mimi niko nyumbani.