Difu Mpya ya Bibie

Jumatatu, 3 Juni

Leo naanza upya! Jana ilikuwa aibu tupu. Kilima cha kwenda kwa mama mkwe, tope, mimi, mke wangu na Bibie, gari langu la spoti, jekundu, milango miwili, umri wake unanizidi mimi. Katikati ya mlima gurudumu moja la nyuma likazunguka kama feni, jingine limetulia tuli. Mama mkwe alikuwa ametoka kutupokea. Akaoga tope kuanzia kilemba hadi kandambili. Shemeji, kaka wa mke wangu, akatuvuta kwa pikapu yake huku akipiga mluzi. Mluzi!

Mke wangu ametoa tamko. Jumapili tunarudi kule. Bibie akivutwa tena, basi, shemeji amchukue akamweke pambo mbele ya duka lake la matairi, na banda analolala Bibie liwe la cherehani, maana amechoka kubanana nayo chumbani. Nimekubali papo hapo. Dawa ninayo!

Jumanne, 4 Juni

Dawa ni difu! Fundi wa mtaani amenieleza: ni lile dude la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, linalogawa nguvu ya injini. Difu ya Bibie inaipeleka nguvu yote kwenye gurudumu linaloteleza. Difu ya kujifunga inayakamata yote mawili, yavute pamoja. Nimeipata kwa muuza vyuma chakavu, kwenye mabaki ya gari dogo la mizigo! Fundi akasema nimpelekee aifunge yeye. Nikamwambia mikono ninayo. Alicheka hadi akashika ukuta. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni

Difu ya zamani imetoka. Imeangukia kifuani kwangu. Ni mzima, nashukuru.

Mpya haikubali kukaa. Matundu ya bolti hayalingani. Nimesukuma, nimebembeleza, nimetukana. Mke wangu amepita na futi yake ya kushonea, akapima dirisha la banda. Nikamuuliza anapima nini. Akasema hapimi kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Mimi ni kichwa! Nimeigeuza difu juu chini na bolti zote zimeingia kana kwamba zilizaliwa humo! Tatizo dogo: tundu la kujazia oili sasa linatazama ardhi. Nimelala chali, nimejaza kwa mpira. Nusu imeingia kwenye difu, nusu sikioni.

Jumamosi, 8 Juni

Majaribio! Bibie juu ya jeki, gia ya kwanza. Magurudumu yanazunguka yote mawili kwa pamoja! Yote! Nimetoa machozi na sioni haya. Mke wangu akatazama, akasema yanazunguka kinyume. Nikamwelewesha taratibu kwamba amesimama upande usiofaa. Akahamia upande wa pili. Akasema bado. Wa kushona ashone.

Nimempigia shemeji simu aje kesho kilimani kushuhudia. Amesema atakuja na kamba.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi. Sisi tulianza kwa kurudi nyuma. Nimetia gia ya kwanza, Bibie akaruka kinyumenyume, akaingia kwenye kamba ya nguo. Ya pili: nyuma. Ya tatu: nyuma, tena kwa kasi zaidi. Gia zote nne zinarudi nyuma, na ya rivasi ndiyo pekee inayokwenda mbele! Mke wangu alibandua shuka kwenye kioo, akaikunja, akapanda.

Tukaenda kwa rivasi, injini ikipiga kelele, baiskeli zikitupita. Tulipofika chini ya kilima rivasi ikachoka, ikawa inachomoka yenyewe. Nikaona banda linakwenda. Nikamwona Bibie amepandishwa juu ya matairi dukani kwa shemeji, watoto wanamchezea. Roho iliniuma kweli.

Ndipo nikamgeuza! Mkia juu, pua chini, gia ya pili. Mke wangu akafumba macho. Bibie akapanda! Magurudumu yote mawili yanang'ata, shingo yangu imepinda, tunapaa kinyumenyume! Pembeni shemeji amesimama na kamba mkononi, pikapu yake imezama hadi kwenye rimu. Tope letu lote likamwangukia yeye. Nikapiga mluzi.

Safari hii mama mkwe alitusubiri nyuma ya mlango. Alitoka, akalitazama gari lililofika makalio mbele, akauliza kama siku hizi ndivyo yanavyotengenezwa. Mke wangu akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Akasema haya, ahadi ni ahadi, hajavutwa, abaki na banda lake.

Jumatatu, 10 Juni

Fundi amepita. Anasema difu irudishwe upande wake, atachonga vishikio vipya, kazi ya mchana mmoja tu. Upuuzi! Niiguse difu iliyoshinda kile kilima? Gia nne nzuri zinakwenda nyuma, basi wa kugeuka ni dereva! Taa za mbele zinahamia nyuma. Kiti nimeshakifungua.

Mke wangu amekichukua kiti, amekiweka mbele ya cherehani, amekikalia. Anasema kinamfaa mgongo. Halafu, bila kuinua macho kwenye mshono wake, akauliza usukani utakuwa wapi.

Usukani. Nitaufikiria baada ya chai.