Wiki Niliyolinda Santuri ya Tetemeko

Jumamosi, 6 Oktoba 1979. Huddersfield.

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Naandika tarehe vizuri ili wajukuu wasipate shida.

Tumerudi kutoka London na santuri. Si hizi za dukani ambazo kila mtu anazo. Hii ni moja tu duniani. Mwimbaji mwenyewe aliingia chumba cha kurekodia, akaimba jina la mtambo wetu wa muziki juu ya rege nzito, na fundi akaichonga papo hapo. Anaimba kwamba Tetemeko likianza, Ngurumo anaingia chini ya kitanda. Nililia kidogo. Niliwaambia ni baridi.

Tetemeko ndio sisi: masanduku kumi na mawili ya spika, amplifaya mbili, gari bovu, na Mzee Dalbert mwenye vyote hivyo. Ngurumo ni wale wa Leeds. Wametupiga mara mbili. Jumamosi ijayo ni pambano la tatu, mtambo kwa mtambo, na anayeshangiliwa zaidi ndiye mshindi.

Njiani Mzee alisimulia tena jinsi alivyotoka Jamaika mwaka 1962, akavaa suti yake moja, akaenda dansi mjini, wakamfungia mlango kwa sababu ya rangi. Akasema haya, bakini na dansi yenu. Akaunda spika zake, akaziweka chumba cha chini cha nyumba, watu wakacheza hadi vikombe vya jirani vikaanguka kabatini. Amesimulia mara nne. Barabara ni ndefu.

Kisha akanipa santuri niilaze kwetu. Mimi! Kwake kuna watoto watano, na kwa Glenroy, mbeba masanduku mwenzangu, kuna paka. Akanieleza kwamba santuri hizi za kuchongwa ni bati lililopakwa utomvu laini. Kila sindano ikipita inakwangua kidogo, na ukiicheza ovyo inakwisha kama sabuni. Kwa hiyo amri ni moja: sindano isiiguse mpaka Jumamosi. Nikiifikisha salama, mimi ndiye mchagua santuri wa Tetemeko. Nitasimama mezani, watu wote wananitazama. Ikiharibika, nitabeba masanduku mpaka nizeeke.

Nimebeba masanduku miaka miwili. Mimi nina miaka kumi na saba, kiuno changu kina sitini.

Glenroy alimuuliza Mzee kama amechoka na maisha, kunikabidhi mimi, Ransford, kitu cha kuvunjika. Wivu mtupu!

Jumapili, 7 Oktoba.

Baada ya kanisa niliwaza kitaalamu. Gari lilirukaruka njia nzima. Je, kama santuri iliumia? Mlinzi mzuri hukagua. Kukagua si kucheza.

Kwetu sebule ya mbele huingia mchungaji tu. Viti bado viko kwenye plastiki. Ndimo lilimo redio kubwa la mama, la mbao, lenye gramafoni ndani na vitambaa vya kufuma juu. Sindano yake ni nene kama msumari. Imecheza nyimbo za kanisa tangu sijazaliwa.

Mama alikuwa jikoni na wali wake wa maharage na nazi. Nikakagua.

Lo! Lo! Lo!

Nikakagua tena, safari hii besi peke yake. Mara ya tatu nikakagua maneno. Mama akaingia na mwiko mkononi. Nilijua nimekwisha. Akasimama, akainamisha kichwa, akasema kijana huyo ana sauti safi, mbona hamwimbii Bwana? Halafu akataka kuisikia tena. Nimkatalie mzazi? Siku ya Jumapili?

Jumla mara nne. Santuri nzima kabisa.

Jumatatu, 8 Oktoba.

Mpango wa leo: kumvunja Glenroy moyo. Nilimwita asikie mara moja tu, ajue nani ni nani.

Akasikiliza mikono mfukoni. Akasema hajaipata besi. Nikarudia. Akasema besi kaipata, maneno ndiyo hajayasikia. Nikarudia. Akasema ni sawasawa tu.

SAWASAWA!

Nikaicheza mara mbili nyingine ili akili yake ifunguke. Akaondoka katikati, eti ana njaa. Jirani yetu, Bw. Hargreaves, mzee wa kizungu asiyependa hata ndege kulia, akagonga ukuta kwa fagio. Lakini alikuwa anagonga ndani ya mapigo kabisa! Hata yeye.

Jumla tisa.

Jumatano, 10 Oktoba.

Siku ya ushindi. Lascelles alikuja!

Lascelles ndiye mchagua santuri wa Ngurumo. Kofia ya manyoya, viatu vinavyong'aa kuliko taa za barabarani. Anasema alikuja kumsalimu shangazi yake mtaa wa pili, akasikia watu wakisema kwa Bi. Icilda, yaani mama, kuna kitu kinapigwa kinatisha. Akavua kofia. Aliniomba asikie, angalau aende vitani akijua kinachomuua.

Nikaona nafasi. Adui akija mwenyewe kutishwa, unamkatalia? Nikaicheza.

Sasa, kwenye dansi, wimbo ukiwa mtamu kupita kiasi, watu hupiga ukuta na kupaza sauti urudishwe. Hapo unainua sindano na kuanza upya. Mchagua santuri hana heshima kubwa kuliko hiyo. Mimi sijawahi kupewa hata siku moja. Kelele ninazopigiwa mimi ni kamata chini, pinda magoti, angalia ngazi.

Wimbo haujafika nusu, Lascelles akaupiga ukuta kwa kiganja. "Rudisha, jemadari! Rudisha!"

Kaniita jemadari. Nikarudisha. Akaupiga tena. Nikarudisha tena. Mara nane! Alijifuta jasho kwa leso, akasema Leeds tumekwisha, sijui nitawaambia nini vijana. Nilimwonea huruma kidogo. Mama akamfungia kipande cha keki ya tangawizi.

Jumla kumi na saba.

Alhamisi, 11 Oktoba.

Amerudi na wenzake wawili. Amenieleza kwa masikitiko kwamba nyumbani hawakumwamini. Wamesema hakuna santuri ya hivyo, Lascelles umelewa.

Nikawaamini wote watatu kwa pamoja! Yaani, nikawafanya waamini. Ukuta ulipigwa hadi picha ya Yesu ikakaa upande. "Rudisha, jemadari! Bado hujatuua vizuri!" Mmoja akaniuliza kama nimezaliwa hivi au nilisomea. Nikamjibu vipaji havisomewi. Mwalimu wangu wa hesabu aliandika kwamba nina akili ya kuku. Yuko wapi leo? Bado yuko pale pale, anafundisha.

Yule mwingine akainama kuitazama sindano ya mama, akamkonyeza Lascelles, akacheka. Hofu huwafanyisha watu vituko.

Jumla thelathini na moja, kisha nikaacha kuhesabu. Jemadari hahesabu.

Ijumaa, 12 Oktoba.

Kuna mtu anakaanga samaki ndani ya santuri.

Nilidhani ni jikoni. Mama hakuwepo. Nikaweka sindano tena. Samaki! Na mwimbaji yuko mbali, kama mtu anayeimba bafuni huku maji yanatiririka. Besi imekonda.

Kosa ni la vumbi. Nimeiosha kwa sabuni ya vyombo. Samaki wakaongezeka. Nikabandika sarafu juu ya mkono wa sindano ili ikandamize vizuri na kuichimbua sauti iliyojificha. Nilicheza mara tano kwa matibabu hayo. Mgonjwa hana nafuu.

Jioni Mzee Dalbert akabisha hodi. Aliniuliza kama imeguswa. Nikamwambia, nikimtazama machoni, kwamba mkono wangu haujaigusa. Ni kweli. Huwa naishika kingo tu.

Akaniwekea kiganja kichwani. Akasema wanawe watano wote wanapenda mpira, hakuna hata mmoja angeweza kumwachia jambo kama hili. Nikaurudisha mkate kwenye sahani. Mkate wa mama ni mkavu siku hizi.

Kesho kuna spika kubwa. Spika kubwa zitaficha.

Jumamosi, 13 Oktoba.

Spika kubwa hazifichi.

Pambano lilianza saa nane mchana, kwa sababu jioni wazee wana mchezo wao wa bingo katika ukumbi huo huo. Watu kama mia tatu. Masanduku ya Ngurumo ukuta ule, yetu ukuta huu. Besi ikipita suruali zinapepea zenyewe.

Ngurumo walicheza vizuri, sitasema uongo. Lascelles alikuwa hanitazami kabisa. Nikajua ni hofu.

Kisha Mzee akashika maikrofoni. Akawaambia ya 1962, ya mlango, ya suti moja. Watu wakashangilia, mama mmoja akasema ndiyo, baba, waambie! Halafu akasema leo anakaa kijana wangu mezani. Akalitaja jina langu. Ransford! Katika masanduku kumi na mawili! Nilipanda nikitembea kama mtu mwenye viatu vya Lascelles.

Nikashusha sindano.

Nyumbani walikuwa samaki. Pale walikuwa nyangumi. Ukumbi mzima ulikaangwa. Kwa mbali sana, chini kabisa, "...meko ...tanda." Mtoto akamuuliza mama yake kama mvua imeanza.

Kisha kutoka nyuma, kiganja ukutani. "Rudisha, jemadari!"

Lascelles. Halafu wenzake. Halafu ukumbi mzima, wanacheka hadi wanashikana mabega, lakini wanapiga kuta. Rudisha! Rudisha! Mzee Dalbert alinitikisia kichwa. Alinipungia mikono yote miwili. Midomo yake ilisema usithubutu, mwanangu, ondoa santuri hiyo. Nilimwona vizuri.

Lakini watu mia tatu! Wananiambia mimi!

Nikarudisha. Nikarudisha tena. Mara ya nne sindano ikamaliza ule ulaini wote, ikafika kwenye bati chini yake, ikapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa kiumbe hai. Masanduku mawili yakatoa moshi. Ngurumo hawakuhitaji kucheza tena. Walibebwa mabegani.

Mzee hakunifokea. Ningependa angefoka. Alizima amplifaya, akaifuta meza kwa leso yake, polepole, akaniuliza ni mara ngapi. Nikasema thelathini na moja, halafu sikuhesabu. Akaitikia kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita. Akamwita Glenroy, akamwambia kuanzia wiki ijayo meza ni yake.

Nikainama nikamate sanduku, angalau. Akasema niache. Kiuno changu kipumzike.

Jumapili, 14 Oktoba.

Nimelala juu ya jambo hili na nimeliona kosa lilipo. Kosa ni kwamba mtambo ulikuwa wa mtu mwingine. Mtambo ungekuwa wangu, nani angeniondoa mezani?

Tena watu walipiga kuta. Glenroy amepigiwa ukuta lini? Watu walicheka, sawa, lakini mtu hucheka akifurahi.

Lascelles alipita asubuhi kunipa pole. Si mtu mbaya, nimegundua. Amesema Leeds nzima inanizungumzia mimi, na kijana wa kipaji changu anapaswa kuwa na mtambo wake. Kaniomba nikichonga santuri mpya nimwite aisikie kabla ya wengine. Nimemwahidi.

Kwa hiyo nimeanza. Jina: Jemadari Ransford. Kinachokosekana ni mbao nene za kutengenezea sanduku la kwanza la besi, na kabati la nguo la mama ni la mbao nene ajabu. Yeye yuko kanisani mpaka saa saba. Nilimwambia naumwa tumbo. Msumeno kaniazima Bw. Hargreaves. Nilimwambia nataka kuumaliza muziki wa nyumba hii moja kwa moja, akanipa na misumari juu.

Nguo za mama nimezipanga kitandani kwa heshima, kofia zake juu. Mlango wa kushoto umeshatoka. Wa kulia umepasuka kidogo katikati, lakini hiyo ni bahati: tundu la spika limepata pa kuanzia.