Mwanafunzi Asiyetakiwa Kufaulu

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Jirani yangu Nesi amepata kazi hospitali nyingine, mwendo wa saa tano kutoka hapa. Ataendesha gari la chanjo. Wanataka jibu lake, pamoja na leseni ya udereva, kabla ya jioni ya tarehe 14. Amekuja mbio, barua mkononi, kuniomba nimfundishe. Nani mwingine? Mimi ndiye mwalimu wa udereva, na ndiye rafiki yake wa miaka sita. Tunagawana kibaraza, gazeti na umbea. Nikampongeza. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kisha nikakaa nikafikiri. Asipopata leseni, haendi. Leseni inategemea mwalimu. Mwalimu ni mimi. Sina nia mbaya. Ni urafiki tu. Urafiki mtupu!

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza. Saa nzima nimemweleza habari za taa za breki, gari limezimwa. Alisikiliza, kidevu kiganjani, akasema hajawahi kukutana na mtu anayezijua taa kiasi hiki. Nikasahau kwamba nilikuwa nafanya hila, nikaongeza nusu saa ya honi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo aliomba angalau tuondoke. Nikamwambia aiachie klachi kwa ghafla, ndivyo wanavyofanya mabingwa. Gari likaruka, likazima. Mara kumi na moja! Mara ya kumi na mbili nikagonga paji la uso kwenye kioo. Akanishika uso kwa mikono miwili kuangalia kama nimeumia. Nilikuwa nimeumia kidogo sana. Nikasema nimeumia sana.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu mwenzangu, tunayemwita Miwani, kaniuliza mbele ya watu mbona mwanafunzi wangu bado anaruka kama chura. Akajitolea kumchukua. Eti ana mbinu. Mbinu! Mtu anayepiga pasi hadi soksi! Nesi akamshukuru, akasema yeye kashamzoea mwalimu wake. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikajikwaa kizingitini.

Kwa nini nimefurahi hivi? Labda ni njaa.

Jumatano, 12 Machi

Hajui kitu! Nikisema kushoto, anakwenda kulia. Leo kaegesha katikati ya barabara, akavuta breki ya mkono kwa amani zote. Kwa kufundisha vibaya sina mpinzani.

Lakini akaniuliza, taratibu, kama nitasikitika akikosa ile kazi. Nikasema nitasikitika mno. Akanitazama. Nikamwambia atazame barabara. Gari lilikuwa limesimama.

Moyo unanidunda hadi sasa. Nampenda. Basi, nimeandika. Nampenda, na ninamharibia maisha yake kwa mikono yangu. Kazi hii ameiota miaka mingi. Mimi ni mtu wa namna gani?

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamka mtu mwema. Mtihani ni kesho asubuhi, basi leo nimfundishe kila kitu kwa dhati. Nikashika usukani mwenyewe nimwonyeshe kurudi kinyumenyume kitaalamu. Nikaliingiza gari la shule yetu ya udereva katika kichochoro, kati ya ukuta wa karakana na lori la mchanga. Likakwama! Mbele haliendi, nyuma haliendi. Lori linapiga honi, watu wamejaa, na Miwani naye akapita. Angekosaje kupita?

Nesi akaniambia nisogee. Akakaa, akarekebisha kioo, akalirudisha gari kona mbili nzima kwa mkono mmoja. Hakugusa hata vumbi la ukuta. Watu wakapiga makofi.

Nikamuuliza amejifunza lini. Akafungua mkoba, akatoa leseni. Ya miaka tisa! Baba yake alikuwa dereva wa malori, na ndiye aliyemfundisha. Mtihani wa kesho haupo, hakuwahi kujiandikisha. Alitaka siku kumi tu za kukaa nami mahali nisipoweza kuinuka kwenda kuchemsha chai kila mazungumzo yanapogusa moyo. Kama nina neno, akasema, nilitamke, maana kesho lazima ajibu ile barua.

Nikafungua mdomo. Nikamwambia klachi inahitaji kubadilishwa.

Akashuka, akaenda nyumbani kwa miguu. Mjinga mimi!

Ijumaa, 14 Machi

Nilimngoja kibarazani tangu alfajiri. Bila mpango wowote. Nilijihisi kama niko uchi. Alipotoka nikasema nampenda. Nikasema pia kwamba nilimfundisha vibaya makusudi. Akasema alijua, hakuna mwalimu duniani anayefundisha honi nusu saa. Akacheka, kisha akalia. Nami nikalia, tena kwa sauti kumshinda.

Halafu akasema kazi ataikubali. Nikamwambia aende, ni haki yake. Hapo ndipo akaniuliza kama nadhani huko watu wote huzaliwa wanajua kuendesha gari. Hata huko wanahitaji mwalimu! Twende wote, ila kwanza Jumapili nikamwone baba yake. Niseme kwa mdomo wangu mwenyewe, ukweli mtupu, bila ujanja. Nikaapa mara tatu.

Jumapili, 16 Machi

Siku yenyewe. Nimevaa shati jeupe. Kweli njia ya mwongo ni fupi; nimejifunza, sirudii tena.

Ila nimefikiri. Kumbishia hodi mzee wa watu na kumwambia ghafla kwamba namtaka binti yake ni ukatili. Presha ikimpanda je? Lakini gari likiharibika kwa bahati mbaya mbele ya geti lake, dereva wa malori hawezi kujizuia. Atatoka, atafungua boneti, atalitengeneza, atafurahi. Na mtu aliyefurahi hakatai posa. Huu si ujanja, ni adabu. Nesi hana haja ya kujua.

Nimeshalegeza waya wa betri, nisije nikasahau kule.

Saa nne kamili. Nesi keshakaa garini, kapendeza ajabu. Gari haliwaki. Anauliza kulikoni. Nimemwambia magari ya siku hizi hayaaminiki.