Duka Lisilo na Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu wa kwanza kaja dukani asubuhi. Hakukaa. Mtu asiyekaa ana neno baya mdomoni, namjua, nimemzaa mwenyewe. Akazunguka, akakohoa, akashika zulia moja akalirudisha. Mwisho akasema: mama, mwezi ukiisha na duka bado halijitegemei, hiki chumba cha mbele nitampangisha fundi simu.

Chumba changu! Hapa ndipo ninapokaa nikishona mazulia ya mlangoni kwa matambara yangu. Hapa ndipo ninapoona nani kapita, kapita na nani, na kabeba nini. Eti nitahamia chumba cha nyuma, kina hewa nzuri. Hewa! Dirisha la kule linatazama ukuta. Nitakaa niusengenye ukuta?

Halafu akanichoma zaidi. Akasema jirani wa ng'ambo ya barabara, yule mshona mapazia anayejiita Malkia, siku hizi anauza mtandaoni na mizigo inatoka kwake kila siku. Damu ikanipanda. Nikamwambia hata mimi nimeshaanza. Akauliza lini. Nikamwambia asinihoji kama polisi.

Sasa inabidi nianze.

Jumanne, 4 Machi

Mjukuu wangu, binti wa huyo huyo mwanangu, kaomba ruhusa ofisini kwake aje anifungulie duka. Msichana mwenye akili, ila anaongea kama anafukuzwa. Kafungua laptopu yake juu ya cherehani yangu, kasema twende hatua kwa hatua.

Kwanza jina. Nikamwambia aandike Mazulia ya Bibi Asiyejiita Malkia. Kakataa, kasema ni refu. Tumebaki na Mazulia ya Bibi. Halina ladha.

Nikauliza duka lenyewe liko wapi. Kasema haliko mahali, liko mtandaoni, halina mlango. Duka la mazulia ya mlangoni, lisilo na mlango! Nikamwacha aendelee. Nilikuwa mgeni huko.

Picha. Nikamtolea mazulia matatu, yale yaliyochujuka kwa jua la dirishani. Akauliza mazuri yako wapi. Yako sandukuni, yamefunikwa, kama inavyotakiwa! Mimi simwonyeshi mtu asiyejulikana mali yangu nzuri. Kwanza aone mabaya, akivumilia, ndipo tunazungumza. Na Malkia je, akiiga? Mjukuu kapiga picha hayo matatu huku akipumua kwa pua.

Bei tukagombana. Yeye anataka iandikwe. Nikamuuliza, nitaandikaje bei ya mtu ambaye sijamwona? Bei mtu unampa ukishatazama viatu vyake, anavyoshika mkoba, kama ana haraka au hana. Kasema mtandaoni bei ni moja kwa wote. Tajiri na mwalimu, bei moja! Hiyo si biashara, ni dhuluma. Lakini kaandika.

Eti pia mteja asiporidhika arudishe ndani ya wiki. Zulia limeshakanyagwa na ukoo mzima, lirudi kwangu! Nikaamuru iandikwe: ukishanunua, umenunua. Sijui kaandika nini, kaandika haraka mno.

Kitu kimoja tu kimenifurahisha. Mteja anaagiza, mimi nakubali, analipa kwa simu, ndipo mtu wa pikipiki anabeba mzigo. Hakuna yale ya nitakuletea kesho, mama.

Jumatano, 5 Machi

Duka limefunguliwa. Nimeoga, nimevaa gauni la kutokea, nimekaa mbele ya simu. Hakuna mtu. Nikaipangusa simu. Hakuna mtu.

Mchana nikachoka kusubiri, nikaingia kwenye duka la Malkia humo humo mtandaoni. Mapazia yamepangwa kama mayai. Chini yake wateja wameandika maoni: mazuri, asante, nimefurahi. Uongo mtupu, hao ni ndugu zake! Nikaona nisaidie umma. Nikaandika kama mwanamume fulani wa mbali: mimi ni baba wa watoto sita, nimenunua pazia hapa, jua linapita kama hakuna kitu, mke wangu amerudi kwao.

Kazi nzuri. Nikanywa chai.

Kabla kikombe hakijaisha, Malkia huyo mlangoni, simu mkononi, anacheka hadi mabega. Kumbe simu ilikuwa imeweka picha yangu juu ya maneno! Ile ya harusi ya mpwa wangu, nina kilemba cha kijani. Akasema pole sana dada, nasikia mkeo karudi kwao. Nikamwambia simu yangu imeibwa. Akasema ndiyo hiyo umeishika.

Mwanamke hana haya.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja! Simu imelia kengele kabla sijamaliza kufagia. Nikavaa miwani. Oda mpya: zulia la bluu, mawili. Jina, namba, mtaa. Basi.

Nikapandisha juu, nikashusha chini, nikatafuta. Hakuna hodi. Hakuna hujambo. Hakuna umeamkaje. Mtu kaingia dukani kwa mtu mzima, kanyoosha kidole, zulia la bluu, mawili! Hata mbwa akiingia anatikisa mkia. Pale chini kuna neno Ghairi. Nikalibonyeza. Ondoka.

Akaja wa pili. Yale yale. Ghairi. Wa tatu kaandika mtaa wake kwa herufi kubwa tupu, kama ananifokea. Ghairi!

Jioni kaja wa mwisho, huyo ndiye kiboko. Mwenye nyumba ya wageni, anataka mazulia ya vyumba vyote, rangi yoyote, haraka. Haraka! Ananituma kama kijakazi wake. Nimembonyeza kwa vidole gumba vyote viwili.

Nimechoka, lakini ni uchovu wa heshima. Duka limesafishika.

Ijumaa, 7 Machi

Mjukuu kapitia akitoka kazini, kauliza biashara inaendaje. Nikamweleza kwa kujivuna jinsi nilivyotimua wahuni. Akakaa chini. Si kwenye kiti, chini, sakafuni, na sketi yake ya ofisini.

Kasema bibi, hakuna pahala pa kusalimia. Mteja anajaza anachoulizwa, na hakuna anayemuuliza habari za asubuhi. Nikamwambia vizuri, na nani aliyejenga duka lisilouliza habari za asubuhi? Nikaongeza kwamba ndivyo inavyokuwa, fundi anasahau kizingiti, wanalaumiwa wanaojikwaa.

Ndipo akasema kwa sauti ndogo: ile nyumba ya wageni peke yake, bibi, ingekiokoa chumba chako.

Nikaendelea kupasua matambara. Nikapasua, nikapasua, kuja kutazama nimepasua na shuka langu la kulalia.

Jumamosi, 8 Machi

Kumbe oda uliyoifuta haifi. Imejificha ndani ya mashine, na namba ya mtu ipo. Mjukuu kasema atamwandikia yule mama wa nyumba ya wageni kumwomba radhi. Radhi! Sisi tumwombe yeye! Kasema nisiguse simu mpaka atoke bafuni.

Nikagusa.

Nikampigia. Nikamwambia mama, juzi uliingia kwangu bila hodi, ukanituma kwa haraka, sisi hatujuani, je, huko kwenu ndivyo mnavyokaa? Nikadhani salio limekwisha. Kisha sauti ikasema, shikamoo mama. Nikasema marahaba, sasa tunaanza kuelewana. Nikamuuliza watoto, nikamuuliza afya, nikamuuliza mguu, maana kila mtu wa umri wake ana mguu.

Akasema bado anayataka mazulia, bei ameiona, haina neno. Hapo nikashtuka. Haina neno vipi? Nikamwambia hiyo ni ya kuanzia, sema yako. Akasema hapana mama, ni sawa tu. Nikamwambia sisemi na mtu anayenunua kama anaokota. Sema yako! Akasita, akataja kidogo chini. Nikapiga kelele kwamba ananiua, ananinyang'anya tonge. Akaogopa, akarudi juu. Nikamwambia usirudi juu, kaza! Mpaka nikamfundisha. Mwisho tukapatana chini kabisa ya ile bei iliyoandikwa, nikakata simu nimefurahi, jasho linanitoka.

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni na taulo kichwani. Kasema bibi, umempunguzia mtu aliyekuwa tayari kulipa yote. Nikamwambia ndiyo, lakini bei kaipigania.

Jumatatu, 10 Machi

Yule mama kaja mwenyewe, na gari. Anasema hakuweza kutulia bila kuniona. Mwanamke mnene, mchangamfu, kagonga mlango ingawa ulikuwa wazi. Kabisha hodi mara mbili! Nikamkaribisha kiti.

Katazama yale matatu ya dirishani, uso ukamshuka. Vizuri, nikasema moyoni, kavumilia. Nikafungua sanduku. Akapiga magoti kama anayeona mtoto mchanga. Akauliza mbona haya hayako mtandaoni. Nikamuuliza naye, dhahabu yake huwa anaianika barabarani?

Kachukua sanduku zima, na kwa haya ya sandukuni alilipa sawasawa, si ile bei ya simuni, kwa kuwa niliona viatu vyake. Mtu wa pikipiki alitaka kubeba, gari likatosha. Malkia yuko mlangoni kwake, anafagia pahala ambapo palikuwa pameshafagiliwa. Nikampungia mkono taratibu, kama mtu anayeaga abiria.

Mwanangu karudi jioni, kakuta sanduku tupu na mimi nimenyoosha miguu. Nikamwambia amwambie fundi simu wake atafute kwingine.

Jumanne, 11 Machi

Kikao cha familia. Mwanangu kasema sawa mama, chumba ni chako, lakini kwa masharti: mjukuu ndiye atakayejibu oda, picha zipigwe za mazulia mazuri, bei ibaki ilivyoandikwa, na wewe mama simu ya duka usiiguse. Mjukuu kaongeza kwamba mteja aliyekuja mwenyewe na gari ni bahati, si mpango. Nikamuuliza kama angekuja bila kugombezwa. Hakuwa na jibu. Alikuwa na jibu, lakini nilimkatiza.

Nikainamisha kichwa. Nikasema ndiyo baba, nimesikia. Mwanangu akanitazama muda mrefu. Huyu mtoto hanaga imani.

Jumatano, 12 Machi

Simu ya duka sijaigusa. Nimetumia yangu.

Nilikuwa nimemtazama mjukuu alivyobonyeza, nami nikabonyeza. Nimefungua duka la pili, langu mwenyewe, la kistaarabu. Halina picha, wasije wakaiga. Halina bei, kwanza nimwone mtu. Halijasema linauza nini, mwenye haja ya kweli atauliza. Juu nimeandika tu: KARIBU, JIELEZE.

Limekaa wazi tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyejieleza. Watu wa mtandaoni wana kiburi sana. Nawapa hadi Ijumaa wajirekebishe.