Jinsi Solveig Hultgren Alivyogonga Mlango wa Jirani

Kaeni kitako, enyi mliopanga na enyi mliopangisha. Mwenye kahawa akishike kikombe kisimwagike, mwenye simu aizime. Nawaletea habari ya mwanamke wa mji wa Göteborg aliyevuka sakafu ya hatua nne, kutoka mlango wake hadi mlango wa jirani, akabonyeza kengele. Wapo waliovuka majangwa, nasi tunawaheshimu. Lakini hao hawakuwa na jirani wa miaka thelathini na moja.

Shujaa wetu ni Solveig Hultgren, simba jike wa ghorofa ya tatu, mjane, mstaafu, aliyeendesha tramu, ile treni ya barabarani, miaka thelathini na minne bila kumgonga mtu wala kuzungumza naye, kwa kuwa kibao nyuma ya kisogo chake kiliamuru: Usizungumze na dereva. Amri hiyo aliitii hata nyumbani. Na hakuwa peke yake, maana katika jengo lile la fleti kumi na mbili sheria ya ngazi ilikuwa moja: kabla hujatoka, weka sikio mlangoni, ukisikia nyayo za mwenzio, ngoja zipotee. Hakuna aliyemchukia jirani yake. Ilikuwa adabu tu.

Ndipo vita vikaja. Mwenye jengo alitangaza kuliuza, na aliyelinyemelea ni kampuni yenye sifa moja: hubadilisha majiko ambayo hakuna aliyeomba yabadilishwe, kisha hupandisha kodi hadi wazee wahame wenyewe. Solveig angenyang'anywa jiko ambalo marehemu mumewe alilipaka rangi ya njano mbaya kuliko zote nchini, naye alilipenda hivyo hivyo. Kinga ilikuwa moja: wapangaji waunde ushirika, walinunue jengo wao wenyewe, na sheria yataka theluthi mbili ya fleti ziseme ndiyo mkutanoni. Yaani nane. Waliokubali walikuwa saba, Solveig akiwemo. Wanne walishakataa, na aliyebaki ni Evert Tjäder, mlango wa pili, aliyekaa kimya kama kaburi.

Jioni ya mkutano, mwezi Machi, saa kumi na mbili na nusu, simu ikalia. Alikuwa Ylva Rönnmark wa ghorofa ya kwanza, nesi kwa kazi, jemadari wa ushirika kwa kujitolea.

"Solveig, umeshaongea na Evert?"

"Nimemtumbukizia barua nne mlangoni."

"Sijauliza barua. Umeongea naye?"

"Ya nne niliiandika kwa herufi kubwa."

"We! Mmeishi mlango kwa mlango miaka yote hiyo, halafu unamwandikia kama ubalozi?"

"Hajibu, Ylva. Amekataa huyo."

"Basi nenda akatae mbele yako. Saa moja tunaanza, huku chini kwenye stoo ya baiskeli. Viti nimeshapanga."

Solveig akaweka simu chini. Aliogopa, tuseme ukweli. Aliogopa kuliko siku ile breki zilipogoma mteremkoni. Akasimama mbele ya kioo, akajihutubia kwa sauti: "Ewe Solveig! Wewe uliyepitisha tani arobaini za chuma kati ya theluji na watalii, leo utashindwa na kizulia cha mlangoni? Inuka! Vaa viatu!"

Akavaa viatu. Kisha akavivua, akavaa vile vizuri.

Akaweka sikio mlangoni, mazoea yana taabu. Kimya. Akatoka. Hatua ya kwanza, goti likalalamika. Hatua ya pili, taa ya ngazi, ile inayojizima yenyewe, ikazimika, asirudi nyuma. Hatua ya tatu akapapasa ukutani, akaiwasha, akasoma kibao: E. TJÄDER, na chini yake: Matangazo hapana, asante. Ikampitia kwamba huenda barua zake nne zilihesabiwa matangazo. Hatua ya nne, kidole kikainuka, kikatua, na kengele ikalia jengo zima.

Mlango ukafunguka kabla mlio haujaisha. Evert alikuwa amesimama papo hapo, mrefu, mwembamba, amevaa koti, skafu na kofia.

"Ewe jirani," Solveig akaanza, maana hotuba alishaitunga, "sikuja kizingitini pako kwa ugomvi, bali kwa ajili ya kuta hizi zilizotustiri..."

"Ngoja kidogo," akasema Evert. Akachukua karatasi juu ya rafu ya viatu, akampa. Ilikuwa fomu ya kujiunga na ushirika, imetiwa saini.

"Hii ni ya tarehe tatu Februari!"

"Siku uliyoleta barua ya kwanza."

"Sasa mbona hukuileta?"

"Nilikuwa nakuja. Kila nikisikiliza mlangoni, nasikia uko nje."

"Si nilikuwa naleta barua!"

"Ndo hivyo. Nikasema nisikusumbue."

"Na leo?"

"Leo nimevaa tangu saa kumi. Nasubiri utangulie."

Solveig akashindwa kujua acheke au amtupie kiatu. "Wiki tano sijalala, Evert. Nimeanza kufunga vyombo kwenye maboksi."

"Najua," akasema Evert, akiangalia chini. "Nilisikia utepe wa gundi ukivutwa. Iliniuma sana."

Wakashuka ngazi pamoja, bega kwa bega. Ylva alipowaona akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mkutano ulichukua dakika ishirini, na walipoulizwa wanaokubali, mikono minane ikainuka, mmoja mrefu kuliko yote. Jengo likawa lao.

Vigelegele havikupigwa, si desturi. Ylva alisoma tu shauri lililofuata: wenye jengo sasa watasafisha ngazi wenyewe, wote kwa pamoja, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

"Wote?" Evert akanong'ona. "Saa ile ile? Solveig, tumefanya nini?"

"Usijali. Nitakupitia."

Na iandikwe kwa wino usiofutika: neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa katika jengo lile tangu lijengwe, miaka tisini na mbili iliyopita.